Paa

Leo tena nimetoka kazini na madoa meusi masikioni.
Mama Kombo wa dukani akadhani wanja umenipotea njia.
Ni ngozi ya hedifoni: miaka sita imeninywa jasho,
sasa inamwaga magamba kama samaki anayeparwa.

Kazi yangu ni kusikiliza. Ofisi moja, Wete, ghorofa ya juu,
feni yenye kilema, kanda mia mbili na kumi na nne
za watu wa Konde, Micheweni, Tumbe,
na mimi, Raya binti Shaame, naandika neno kwa neno
kwa ajili ya kamusi iliyokwama kwenye P.

P ina fitina.
Sema paa, la nyumba: midomo hufunguka mikavu.
Sema paa, wa msituni, na mbele ya midomo
weka unyoya. Utatikisika.
Ni pumzi tu. Haina herufi. Watoto wa skuli hawaijui.

Kwa hiyo nilipompelekea Khatib fundi simu
nilimwambia: nitilie mito mipya, sauti usiiguse.
Akacheka. Akanitilia ya mahameli, minene, mizuri,
masikio yakalala kama maharusi.
Nikafungua kanda ya Bi Mize Hamad:
bibi wa watu kahamia nyumba ya pili,
anazungumza nyuma ya godoro,
na sauti yake nyembamba imeota kitambi.

Nikaing'oa siku ile ile.

Nikajifunza mwenyewe, kwa kuharibu.
Kwamba unene wa mto ndio umbali wa msemaji:
sarafu saba za shilingi mia zikipangwa, si nane.
Kwamba kile kitambaa chepesi cha ndani,
ambacho kila fundi hukitupa,
ndicho kinachochuja ukali wa S.
Kwamba maji hayaingii humo. Kitambaa chenye unyevu tu,
tone la sabuni, hedifoni imeinamishwa uso chini
uchafu uangukie meza, usiangukie kiwambo.
Kisha kivulini. Jua lilishaila ngozi ya kwanza.
Na kwamba mkono wa miwani yangu una ufa wake
ambao besi imekuwa ikitorokea miaka yote.

Mshona viatu wa Limbani, Mgeni Faki,
hajawahi kuvaa hedifoni. Alipima kwa uzi.
Akatafuta leksini laini ya kiti cha vespa,
akauliza swali moja: "Mshono ukae juu, au ubavuni?"
Juu, nikasema. Akasonya, akashona ubavuni.
Ana haki. Juu ungepitisha upepo.

Usiku nikamrudia Bi Mize.
Kijiko chake kiligonga kikombe, kushoto,
pale pale kilipokuwa kikigonga.
Jogoo asiyejua saa.
Halafu ile sentensi niliyoiandika mwaka juzi, kwa wino:
"Kufungua mlango, nkaona paa."
La nyumba, niliandika. Tufani, nikafasiri, mabati.
Pumzi ilikuwapo.
Ndogo, kama ya mtu anayepoza uji wa mtoto.

Sasa sijui niliapa kulinda sauti ipi.
Mito ya zamani haikufa siku moja. Ililala kidogo kidogo,
na sikio, lisilo kinyongo, likalala nayo.
Ni wanyama wangapi wengine nimewaezeka mabati?

Asubuhi nikampigia simu, Mungu kampa umri.
"Bibi, siku ile uliona paa gani?"
"Paa!" kwa ukali wa aliyeulizwa jina la mwanawe.
Simu ikaila pumzi.
"Paa gani, bibi?"
"Paa, we mtoto! Husikii?"

Kesho napanda gari ya Konde.
Hedifoni nimeiacha mezani, imefunikwa leso,
sarafu saba pembeni yake.